Dogo kapimwa ulemavu asilimia 24 baada ya mashine kumdaka mkono. Hii barua inapingika?

#1 Chuma cha Buza
Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye mada.

Mdogo wangu alikuwa opereta kwenye kiwanda cha plastiki huku barabara ya Pugu. Jina la kiwanda naliacha, wafanyakazi wake wamo humu. Mwaka jana mashine ya kusaga mabaki ilimdaka mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati vikaondolewa, na kiganja chenyewe mpaka leo hakikunji sawasawa. Kikombe cha chai anakishika kwa kulia huku mkono wa kushoto umekinga chini, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mama mkwe.

Kipindi yuko nyumbani alikuwa analipwa kila mwezi, hatukuwa na neno. Mara malipo yakakata, ikaja barua ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF): ulemavu wa kudumu asilimia 24, atalipwa kwa mkupuo, basi. Mwajiri naye kampa barua yake kwamba mkataba umefika mwisho na hauhuishwi.

Naomba kueleweshwa. Hiyo 24 inatoka wapi? Mtu aliyekuwa anakula kwa mkono wake, mkono huo ndio hauzidi robo ya mtu? Na haya malipo ya mwezi si nasikia ni ya miezi 24, mbona yamekatika njiani? Halafu akishapokea huo mkupuo, mlango wa kulalamika unafungwa?

Nyumbani wamegawanyika. Mama anasema tupokee tushukuru. Shemeji anasema tusiguse hata senti.

#2 fotokopi_kariakoo
Pole nyingi kwa dogo. Nakaa hapa, na mimi nina langu linalofanana na hili.

#3 Sokoni Kijana
Chukueni hela mnunue bodaboda mbili. Moja aendeshe mwenyewe, nyingine ampe mtu alete hesabu. Kushindana na barua ya serikali utazeekea kwenye mabenchi.

#4 Mke wa Wakili
Sokoni Kijana, bodaboda unaijua au unaipanda tu? Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele. Vidole vya kukamatia breki ndio hivyo vimeondoka. Mshauri mtu vizuri.

Mleta mada, kabla ya yote: hiyo barua ya mwajiri ina tarehe gani?

#5 Mjumbe wa Shina
Nitajibu maswali kama yalivyoulizwa.

Malipo ya mwezi aliyokuwa anapata yanaitwa malipo ya ulemavu wa muda. Ni asilimia 70 ya mshahara, na ukomo wake ni miezi 24. Nasema ukomo. Sio kwamba kila aliyeumia anakaa miezi 24. Daktari akiandika kwamba mtu anaweza kurudi kazini, au kwamba hali imetulia na kilichobaki ndicho hicho, malipo ya muda yanasimama na mtu anapimwa ulemavu wa kudumu. Ndiko dogo alikofika.

Kwenye ulemavu wa kudumu kuna mstari mmoja wenye maneno mengi: asilimia 30. Ukiwa 30 au chini yake, unalipwa mkupuo. Ukiuvuka, unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Hesabu ya pensheni haina ugumu. Chukua asilimia 70 ya mshahara, zidisha kwa asilimia ya ulemavu. Aliyekuwa na mshahara wa 500,000 na akapimwa 40, asilimia 70 ni 350,000, na asilimia 40 ya hiyo ni 140,000 kwa mwezi. Ndiyo maana watu wanagombea hizi namba. Kutoka 24 kwenda 31 sio pointi saba tu, unahama kutoka mkupuo kwenda malipo ya kila mwezi.

Kupinga kupo, kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263. Unaanza kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko kuomba uamuzi upitiwe upya. Usiporidhika, unapanda kwa waziri mwenye dhamana ya kazi. Usiporidhika tena, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kila ngazi ina siku zake, kwa hiyo barua hiyo isilale kabatini.

#6 Sokoni Kijana
Mke wa Wakili, wakili ni mumeo. Wewe cheti chako kiko wapi? 😂

#7 Mke wa Wakili
Mafaili yanasomewa mezani kwangu, baba. Hata mpishi wa bweni anajua wanafunzi wanafeli wapi.

#8 Zamu ya Usiku
Mnamzungusha mtu. Aende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kesho asubuhi, ajaze fomu, mwajiri ataitwa na mambo yote yatamalizwa hapo hapo. Mimi CMA walinisaidia hela yangu yote ya likizo.

#9 Mke wa Wakili
Zamu ya Usiku, ya likizo ni sawa, CMA ndiko kwake. Ila hapa kuna kesi mbili na watu wanazifunga kamba moja.

Kesi ya kwanza ni asilimia. Hiyo CMA hawaigusi, inafuata njia aliyoitaja Mjumbe #5.

Kesi ya pili ni ajira. Mtu kaumia kazini, anarudi, anaambiwa mkataba hauhuishwi. Kama mikataba yake ilikuwa inahuishwa kila mwaka na alikuwa na sababu ya kutegemea utahuishwa tena, sheria ya ajira inaweza kuhesabu hilo ni kuachishwa. Hiyo ndiyo ya CMA, na dirisha lake ni siku 30 tangu kuachishwa. Ndiyo maana niliuliza tarehe. Watu wanahangaika na asilimia miezi mitatu, wakikumbuka ajira wanakuta wamechelewa, wanaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza walikuwa wapi.

#10 Chuma cha Buza
Asante Mjumbe, asante dada. Barua ya mwajiri ni ya wiki iliyopita, na mkataba ulikuwa wa mwaka mwaka, umehuishwa mara kadhaa. Hilo la CMA hatukuwa tumelifikiria kabisa.

Lakini 24 bado haijaniingia. Nani kaipata na kaipataje?

#11 HR Mstaafu
Nimekaa ofisi za rasilimali watu viwandani Chang'ombe na Vingunguti miaka mingi, kwa hiyo nimeziona hizi fomu. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Halafu zinafuata fomu za daktari: ya mwanzo, ya maendeleo, ya mwisho. Anayepima anasoma karatasi. Kama karatasi imeandikwa "vidole viwili vimeondolewa, kidonda kimepona", nukta, basi utahesabiwa vidole viwili. Kiganja kisichokunja hakimo. Nguvu ya kushika haimo. Ganzi haimo. Huyo dogo anabeba kikombe kwa mikono miwili, lakini nani kaandika?

Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni fomu ya mwisho. Iombeni nakala muisome neno kwa neno kabla hamjaandika barua yoyote ya kupinga.

#12 Mnyoosha Viungo
Nafanya fiziotherapia, naomba niongeze na nimkosoe HR Mstaafu kidogo.

Ni kweli fomu nyingi zinaandikwa kwa haraka. Lakini tathmini yenyewe ina vipimo. Kifundo cha mkono kinapimwa kwa nyuzi: kinakunja ngapi, kinanyooka ngapi. Kila kiungo cha kidole kilichobaki vile vile. Nguvu ya kushika inapimwa kwa kifaa unachokiminya, kinasoma kilo, unaminya zaidi ya mara moja na unalinganishwa na mkono mzima. Kuna kipimo cha kubana kwa kidole gumba na kidole kingine, hicho ndicho kinachoonyesha kama mtu anaweza kushika kalamu, sindano, kitasa cha mlango. Kama dogo hakuminyishwa kitu chochote siku ya kupimwa, hapo pana hoja. Kama aliminya, basi namba zipo na mnapaswa kuziona.

Jambo jingine ni muda. Mkono uliosagwa unaendelea kubadilika muda mrefu. Ukipimwa mapema mno, ugumu ambao mazoezi yangeulainisha unahesabiwa, asilimia inapanda. Au kovu linakuja kukaza baadaye na hilo halikuhesabiwa, asilimia inakuwa ndogo. Sijamwona mgonjwa, siwezi kusema lipi limempata.

#13 Jirani wa Temeke
Wote mnazunguka. Kuna jedwali. Kila kiungo kina bei yake, kidole gumba bei hii, shahada bei hii. Wanajumlisha, wanagonga muhuri. Huyo kapata vidole viwili pamoja na kidogo cha kiganja. Hata mngempeleka kwa daktari wa Ikulu, jedwali halibadiliki.

#14 Mjumbe wa Shina
Jirani, jedwali lipo lakini ni pa kuanzia. Vidole viwili vya mtu ambaye kiganja chake kinafanya kazi na vidole viwili vya mtu ambaye kiganja kimekaza haviwezi kuwa kitu kimoja. Na kama kila kitu kingekuwa jedwali, madaktari wasingekuwa wanapelekwa mafunzo ya kufanya tathmini za ulemavu utokanao na kazi. WCF wameyaendesha hayo mafunzo mikoani kwa miaka. Karani angetosha.

#15 Jirani wa Temeke
Sawa mzee wa shina. Ila niambie, fundi cherehani na mlinzi wa geti wakipoteza kidole kile kile, wanapata asilimia tofauti?

#16 Mjumbe wa Shina
Hapo umegusa palipo na ubishi wa kweli. Wapo wanaosema ulemavu unapimwa kwa mwili, kazi haihusiki. Wapo wanaosema mtu mwenye kazi ya mikono lazima aangaliwe kivyake. Mimi niko upande wa pili, lakini sitakudanganya kwamba nitakushinda mahakamani.

#17 Mama Pili wa Mbagala
Nimepita tu, lakini mnanikumbusha mume wangu. Yeye alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, uti wa mgongo. Alivuka huo mstari wa 30, analipwa kila mwezi. Niwaambie msiofika huko: kuvuka mstari sio kwamba sasa unalala. Kuna uhakiki, waone uko hai na bado ni wewe. Na hali ikibadilika suala linaweza kuangaliwa upya. Tulihangaika sana mwanzoni kwa kudhani tukishaandikishwa tumemaliza. Karatasi zote ninaziweka kwenye begi la shule la mtoto lenye zipu, za hospitali upande huu, za mfuko upande huu. Mvua za Mbagala mnazijua.

Na wewe Chuma, usimsikilize anayekwambia watu wote wanapewa chini ya 30 makusudi. Nimesikia sana hayo kwenye foleni. Mume wangu kapita, na hatumjui mtu yeyote.

#18 Kalamu Imeisha Wino
Mama Pili, heshima yako. Mimi ndio mmoja wa hao wa foleni 😀 Sina ushahidi, lakini nikiona mstari umechorwa mahali, macho yangu yanaenda kwa waliosimama sentimita moja kabla yake.

#19 HR Mstaafu
Kalamu, ukiweka mstari popote, watakuwepo waliosimama karibu nao. Ukiuhamishia 20, wa 19 watalalamika.

#20 fotokopi_kariakoo
Naomba niingize langu. Nafanya kazi duka la fotokopi na kufunga vitabu. Panga la kukatia karatasi lilinipitia kidole gumba, ncha ikaenda. Bosi alinipeleka duka la dawa, nikafungwa, nikapewa elfu thelathini na kuambiwa tusikuze mambo. Nauliza, na mimi nina haki? Maana bosi anasema hajawahi kunisajili popote, na kuna wenzangu walikuwa wanakatwa kwenye mshahara "ya ajali".

#21 Mke wa Wakili
Fotokopi, mambo matatu na uyafanye wiki hii.

Mchango wa Mfuko wa Fidia unalipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashuka, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Anayemkata mfanyakazi "ya ajali" anampiga.

Mwajiri kutokukusajili hakufuti haki yako, ni kosa lake yeye na atabanwa yeye.

La tatu ndilo la haraka: madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Uliumia lini?

#22 fotokopi_kariakoo
Mwezi wa Ramadhani uliopita.

#23 Mke wa Wakili
Basi funga duka la kuandika humu, kaandike huko. Tafuta karatasi ya duka la dawa, picha za kidole kama zipo kwenye simu, na mteja au mwenzako aliyeona.

#24 Binti Mlandege
Habari zenu, nawasoma nikiwa Leicester, Uingereza. Nina mama mdogo huku anayepata malipo ya ulemavu yanayoitwa PIP, kwa hiyo mchezo wa kupinga barua naujua. Najua sheria ni tofauti, lakini kuna kitu kinaweza kumsaidia mleta mada.

Huku hawapimi asilimia, wanahesabu pointi. Kuna fungu la maisha ya kila siku: kupika, kuoga, kuvaa, kula. Na fungu la kutembea na kusafiri. Ukifika pointi 8 kwenye fungu unapata kiwango cha chini, 12 unapata cha juu. Na wengi hawapewi moja kwa moja, wanapewa kwa muda. Barua ina tarehe ya mwisho, na kabla haijafika wanaangalia upya. Hata wenye hali isiyotarajiwa kubadilika huangaliwa kidogo baada ya miaka 10.

Ukikataa uamuzi, unaomba kwanza wenyewe waupitie upya, una mwezi mmoja. Wakishikilia, unakwenda kwenye baraza huru: jaji, daktari, na mtu anayeujua ulemavu. Na baraza likikusikiliza linaweza kupandisha, kuacha au kushusha. Mama mdogo alionywa hilo kabla hajaingia.

Kilichomwokoa ni hiki. Fomu ya kwanza aliandika "naweza kupika". Kweli anaweza, siku moja, akiwa amekaa, halafu siku mbili yuko kitandani. Sheria ya huku inauliza kama unaweza kufanya kitu kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia, na kwa muda unaofaa. Alipoandika hivyo, pointi zikapanda.

#25 Sokoni Kijana
Binti Mlandege anatuletea baridi ya Leicester huku Buza joto la nyuzi 33. Hiyo PIP tunaichukulia wapi, Mwenge au Ubungo?

#26 Mnyoosha Viungo
Cheka tu, lakini hapo Binti Mlandege kasema jambo la maana kuliko nusu ya uzi huu. Wagonjwa wetu wana adabu. Daktari akiuliza "unaendeleaje?" anajibu "namshukuru Mungu, nzuri". Inaandikwa nzuri. "Unaweza kushika?" "Naweza." Hasemi anaweza kushika sufuria tupu, na likiwa na maji linamponyoka.

Chuma, kaa na mdogo wako muandike vitu vya siku moja, tangu kuamka. Kufunga vifungo vya shati. Kukamua nguo. Kukata kitunguu. Kushika bomba kwenye daladala ikifunga breki. Kuandika jina lake. Kila kimoja: anaweza, anaweza kwa shida, hawezi, na akirudia mara kumi inakuwaje. Karatasi hiyo mpe daktari kabla hajaandika ripoti mpya.

#27 Kalamu Imeisha Wino
Na binti yetu kasema jingine mmelipita. Baraza linaweza kushusha. Kwetu je? Mkiomba mapitio mkarudi na 18?

#28 Mjumbe wa Shina
Ndiyo maana huombi mapitio kwa hasira. Unaomba ukiwa na ripoti mpya mkononi, ya daktari bingwa wa mifupa au wa mikono. Ukipeleka barua ya "sijaridhika" tupu, wanaofungua faili watakutana na karatasi zile zile na watatoa jibu lile lile, au baya zaidi.

#29 Chuma cha Buza
Nimewasoma wote. Kuhusu kiminyo, dogo anasema siku ya kupimwa aliambiwa afumbe ngumi na akunjue, akaulizwa maswali, ikaisha. Kifaa cha kilo hakukiona.

Bado la mkupuo. Apokee asipokee?

#30 Shemeji wa Shemeji
Asipokee. Ukisaini umemaliza. Mtu hawezi kula wali halafu akasema haukuiva.

#31 HR Mstaafu
Mimi ningepokea. Mtu hana mshahara, ana watoto, utamlisha rufaa? Apokee, na siku hiyo hiyo apeleke barua kwamba anapokea huku akipinga asilimia, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hujapeleka kitu.

#32 Mke wa Wakili
Nipo katikati. Inategemea anachosainishwa kimeandikwaje. Kama ni hati ya kupokea malipo ni jambo moja. Kama ina mstari unaosema ameridhika na hana dai lingine, asisaini kabla mtu hajaisoma. Mpeleke kwa wanaotoa msaada wa kisheria bure, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana kliniki Kinondoni. Kama alikuwa mwanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, tawi lao liliko huko kiwandani lisiachwe limelala.

#33 Zamu ya Usiku
Na NSSF yake? Mbona hamuitaji? Anaweza kuchukua pensheni ya ulemavu huko pia.

#34 Mjumbe wa Shina
Hiyo ni nyumba nyingine, Zamu. Fidia ni ya ajali au ugonjwa wa kazini. Pensheni ya ulemavu ya NSSF haijali uliumia wapi, hata kama ni kiharusi sebuleni. Ila masharti yake ni mazito: uwe chini ya miaka 60, uwe na michango ya miezi 180, au miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya karibuni kabla ya kuumia, na bodi ya madaktari ithibitishe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato. Dogo na asilimia 24 yake ataambiwa bado ana uwezo.

#35 Kiharusi Sio Mwisho
Nathibitisha aliyosema Mjumbe, mimi nipo huko. Upande mzima wa kushoto. Kilichonichelewesha ni michango. Mwajiri wangu wa mwisho alikuwa anakata kwenye mshahara na hapeleki, na ile miezi 12 ya mwisho ndiyo ilikuwa na mapengo. Ikabidi nikusanye hati za mshahara moja moja kuonyesha nilikatwa. Nyinyi mlio wazima, angalieni michango yenu kwenye simu leo usiku. Sio lazima muugue kwanza.

#36 Sokoni Kijana
Nimeangalia ya kwangu. Mwezi wa pili na wa tatu hakuna kitu. Kesho kuna mtu atanijua 😡

#37 Jirani wa Temeke
😂😂 Mshauri wa bodaboda kapatikana.

#38 Chuma cha Buza
Na kipindi alipokuwa anaumwa, mwezi wa kwanza kabla malipo hayajaanza, kiwandani walimpa nusu mshahara. Hilo ni sawa?

#39 Mke wa Wakili
Likizo ya ugonjwa kwa sheria ya ajira ya 2004 ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Mwezi wa kwanza huwezi kuanza na nusu, labda siku zake kamili alishazimaliza kabla. Liongeze kwenye fomu ya CMA.

#40 Mama Pili wa Mbagala
Na akishapata hela, kuna mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 lakini ilirudi 2024. Aanzie kwa afisa maendeleo wa kata.

#41 Kalamu Imeisha Wino
Mama Pili, kwenye mkopo wataomba uthibitisho kwamba ni mlemavu. Apeleke ile ile barua ya 24 anayoipinga 😀

#42 Mama Pili wa Mbagala
Apeleke. Anapinga kwamba ni ndogo, hapingi kwamba ipo.

#43 Kijana wa Nungwi
Wakuu samahani kuingilia, binamu yangu kaungua jikoni hotelini huku Unguja. Naye aende WCF Dar?

#44 Mjumbe wa Shina
Hapana. WCF ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya fidia na mfuko wake wa hifadhi, ZSSF. Aanze na Kamisheni ya Kazi huko huko, na cheti cha hospitali akipate leo, kisiandikwe kwa kumbukumbu baadaye. Ila anzisha uzi wako, huu wa Chuma ushajaa.